Kabla ya kumwagilia, soma beseni la uvukizaji

Wakulima wengi wa mboga huku Mombasa, katika Kisauni, Likoni na Mwakirunge, humwagilia kwa mazoea: asubuhi na jioni, mpaka tuta lilowe chapachapa. Jua la kaskazi likikaza, Januari na Februari, maji hayo huenda yasitoshe. Siku za mawingu ya kusi, maji hayo yanazidi, na mbolea yazama chini isikofikiwa na mizizi.

Kiasi cha kumwagilia hutegemea uvukizaji, yaani maji yanayopaa kuwa mvuke. Vituo vya hali ya hewa huupima kwa beseni la aina ya A: la bati, kipenyo sentimita 120.7, kina sentimita 25.4, limewekwa juu ya fremu ya mbao ili hewa ipite chini. Kwenye kituo kinachojiendesha, kihisi hufuatilia kina cha maji usiku na mchana na kuhifadhi namba. Mvua huhesabiwa na kipimamvua cha pembeni. Ikinyesha milimita 4 na maji yakapanda milimita 1 tu, basi 3 zimevukizwa.

Tuseme kwa siku moja beseni limepungua milimita 7. Zidisha kwa 0.7, kwa sababu beseni hupoteza maji mengi kuliko shamba: unapata 4.9. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hiyo tuta la mchicha uliokomaa, mita 1.2 kwa 10, linadai lita 59 hivi, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Miche michanga haihitaji yote hayo.

Ila namba usiimeze nzima. Kunguru wa Mombasa hawana adabu: huoga humo, wakarusha maji nje, na kihisi kikaandika kuwa jua ndilo lililoyachukua. Ukiona kina kimeshuka ghafla kwa dakika chache, huo si uvukizaji. Wavu wa kuzuia ndege wasaidia, lakini nao hupunguza uvukizaji hadi asilimia 10. Chumvi ya bahari nayo hula bati na viungo vya nyaya, kwa hiyo tundu dogo linalovuja laweza kukudanganya wiki nzima. Hapo dalili ni moja: maji yanaendelea kushuka hata usiku, jua likiwa halipo.

Mvua kubwa za Mei zikirusha au kufurisha maji, achana na namba ya siku hiyo. Chimba udongo kiasi cha kiganja, ushike uone kama bado una unyevu.