Somo: Histogramu inapoangusha skripti yako ya ROOT

Somo hili ni la mwanafunzi wa fizikia au takwimu ambaye skripti yake ya ROOT, ile programu ya uchanganuzi wa data iliyozaliwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, katikati ya miaka ya 1990, inafungua faili vizuri kisha inazimika ghafla kwa maneno `*** Break *** segmentation violation` na kumwaga skrini nzima ya maandishi yasiyosomeka. Nitatumia kipande kifupi ambacho mimi mwenyewe kiliwahi kunipotezea siku mbili, kwa sababu nilikazana kutafuta kosa kwenye mstari ulioanguka, ilhali kosa lilikwisha kufanyika mbali nyuma yake.

```
TH1F* soma(const char* jina) {
  TFile f(jina);
  TH1F* h = (TH1F*) f.Get("hMass");
  return h;
}

void chora() {
  TH1F* h = soma("data.root");
  h->Fit("gaus");
}
```

Kwa macho, hakuna kasoro. Inapoendeshwa, huanguka kwenye `Fit`, amri ya kulinganisha histogramu na mkunjo.

Hatua ya kwanza: ipe skripti namba za mistari. Ukiandika `.x chora.C`, skripti hupita kwa mkalimani aitwaye Cling, na taarifa ya ajali mara nyingi haikuonyeshi mstari uliohusika. Andika `.L chora.C+g` kisha `chora()`. Alama ya kujumlisha huagiza skripti ikusanywe kuwa msimbo wa mashine, na herufi `g` huhifadhi habari za mistari. Faida nyingine ni kwamba ukusanyaji huu ni mkali zaidi, kwa hiyo utakukumbusha pia `#include` ulizozisahau.

Hatua ya pili: soma taarifa ya ajali kwa subira. Usianzie juu, kwani huko mengi ni mambo ya ndani ya ROOT yenyewe. Shuka kwenye mistari inayoanza na alama ya `#`, utafute wa kwanza unaotaja faili lako, kwa mfano `chora.C:9`. Hapo ndipo skripti ilipoanguka. Usihitimishe bado kwamba ndipo ilipokosea.

Hatua ya tatu: kikague kielekezi. Kielekezi, yaani kigeu kinachoshika anwani ya kitu katika kumbukumbu, kinaweza kuharibika kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni kuwa kitupu: jina limekosewa, kwa mfano `hmass` badala ya `hMass`, na `Get` imerudi mikono mitupu. Ongeza `if (!h)` mara tu baada ya `Get`, na uandike `f.ls()` ili uone majina yaliyomo kwa kweli. Kosa hili halina hila, kwani ukiendesha kwa `.x chora.C` bila alama ya kujumlisha, Cling hukikagua kielekezi kitupu na kuisimamisha skripti kwa onyo badala ya kuiacha ianguke.

Njia ya pili ndiyo iliyonitesa. Kielekezi kinashika anwani halali kabisa kwa sura, lakini aliyekuwa akikaa hapo amekwisha kuhama. Cling hana namna ya kulijua hilo, na `if (!h)` nayo hupita bila kelele.

Hatua ya nne: uliza histogramu ni mali ya nani. Katika ROOT, histogramu iliyosomwa kutoka kwenye faili huwa mpangaji wa faili hilo. Vilevile histogramu mpya unayoiunda kwa `new TH1F` wakati faili limefunguliwa huandikishwa humo, hata kama hukuomba. Faili likifungwa, wapangaji wote hufutwa pamoja nalo. Sasa rudi kwenye mfano wetu: `TFile f(jina)` ni kigeu cha ndani ya `soma`, kwa hiyo mabano ya mwisho yanapofikiwa, faili hujifunga lenyewe bila mtu yeyote kuandika `Close`. Kinachorudishwa kwa `chora` ni anwani ya nyumba iliyobomolewa. Kinachoudhi zaidi ni kwamba kumbukumbu hiyo ikiwa bado haijaandikwa juu yake kitu kingine, skripti inaweza kupita leo na kuanguka kesho.

Dawa ni mstari mmoja, unaowekwa kabla ya `return`:

`h->SetDirectory(nullptr);`

Histogramu sasa imetoka kwenye orodha ya faili, na kuifuta baadaye ni jukumu lako. Wakati huohuo badilisha ile `(TH1F*)` iwe `f.Get<TH1F>("hMass")`. Kama kilichohifadhiwa ni `TH1D`, mtindo wa zamani hukubali kimyakimya na kukuharibia mbele, lakini huu mpya hurudisha kielekezi kitupu, na `if (!h)` hukidaka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Yangu haianguki, ila dirisha la mchoro linabaki jeupe baada ya skripti kwisha. Je, ni tatizo hilohilo?*

Marahaba. Ni ndugu yake. Histogramu yako imekufa funksheni ilipoisha, au faili lilipofungwa, na ilipokufa ilijiondoa kwenye dirisha. Tumia `h->DrawCopy()`, ambayo huchora nakala isiyotegemea ile ya asili.

*Ninapitia mafaili mengi kwa kitanzi, nikapata onyo linaloanza na `Replacing existing TH1`. Nilipuuze?*

Usilipuuze. Unaunda histogramu zenye jina moja mahali pamoja. Ya zamani huondolewa kwenye orodha lakini haifutwi, na kumbukumbu inazidi kujaa. Iunde mara moja kabla ya kitanzi, kisha uijaze ndani yake.

*Mwalimu, mimi ninasoma `TTree`, lile jedwali la ROOT linalohifadhi data tukio kwa tukio, na ajali hutokea baada ya matukio elfu kadhaa, si mwanzoni. Kila nikiangalia `Fill` sioni kosa.*

Ajali inayochelewa hivyo hunifanya nishuku safu, yaani orodha ya thamani yenye nafasi zilizopangwa mapema. Kama umeandika `Float_t pt[10]` na kuipa `SetBranchAddress`, inayoiambia ROOT pa kuiweka data, tukio la kwanza lenye jeti (michirizi ya chembe) 11 litaandika nje ya mipaka, na ROOT haitakuonya kuhusu urefu. Andika `tree->GetMaximum("nJet")`, ukitumia jina la kigeu chako cha idadi, kisha uipe safu nafasi isiyopungua namba utakayoiona.