Kuongeza nguvu ya turbo kwenye pikapu kuukuu ya dizeli: anza na njia ya hewa

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja: moshi wa injini huzungusha moja, nayo nyingine husukuma hewa zaidi ndani ya injini. Kabla ya kutafuta turbo kubwa, elewa kwanza nyanda zetu za juu za Kenya zinaifanyia nini hiyo uliyo nayo. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari na shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 88. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni kama 81. Ukifika Timboroa, juu ya mita 2,700, zimebaki 72 tu. Westigeti, yaani valvu inayopitisha moshi kando ya turbo ili isipulize kupita kiasi, haijui habari hizo: hupima tofauti kati ya hewa iliyo ndani ya paipu na hewa ya nje, kwa hiyo geji itasoma busti (shinikizo ambalo turbo huongeza) ya bar 0.6, yaani kilopaskali 60, Kisumu na bar 0.6 Timboroa. Kazi ya turbo lakini si sawa. Kisumu inazidisha hewa mara 1.7, Timboroa zaidi ya mara 1.8. Ukipandisha busti hadi bar 1.0, Timboroa inalazimika kuzidisha mara 2.4, na feni ndogo ya kiwandani itazungushwa kupita kasi iliyoundiwa. Ndiyo maana turbo iliyorekebishwa Kondele, mtaa wa Kisumu, ikapendeza inaweza kuvunjika shafti kwenye mlima wa kwenda Eldoret.

Hatua hizi ni za injini zenye pampu ya kawaida ya dizeli, kama Isuzu 4JB1-T ya lita 2.8 na Toyota 2L-T ya lita 2.4. Mwenye 1KZ-TE ya lita 3.0 atazifuata zote isipokuwa ya skrubu ya pampu na ya mpira unaopanda juu ya pampu, kwa sababu yake inaongozwa na kompyuta.

1. Funga geji mbili

Geji ya busti ya bar 0 hadi 2 huunganishwa kwa tii (kiungo chenye umbo la T) kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya hewa. Geji ya joto la moshi hutumia kihisi cha aina ya K, nacho huingizwa kwenye manifoldi ya ekzosti kabla ya turbo. Kikiwekwa baada ya turbo kitasoma nyuzi mia moja au zaidi chini ya ukweli, na utajidanganya. Toboa manifoldi ikiwa imefunguliwa na kuwekwa mezani. Chembe moja ya chuma ikibaki ndani itakata feni ya moshi siku ya kwanza.

Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, tafuta mlima mrefu, kanyaga mafuta hadi mwisho kwa gia ya tatu, na mwenzako aandike busti, joto na rangi ya moshi. Usibadilishe chochote kabla ya kupata namba hizo.

2. Filta na paipu ya kuvuta

Barabara za miwa za Muhoroni na Chemelil zinaua turbo nyingi kwa vumbi. Fungua paipu kati ya filta na turbo, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, hewa inaingia bila kuchujwa: mpira umepasuka, klipu imelegea, au filta haikai sawasawa kwenye nyumba yake. Angalia pia ncha za feni ya hewa. Zikiwa zimelika na kupoteza ukali wake, feni hiyo haitafikisha busti hata ufanye nini.

Tumia filta ya karatasi. Usiipulize kwa kompresa ya kuoshea magari ikiwa na presha yake yote. Karatasi hutoboka matundu usiyoyaona. Presha isizidi psi 30, upepo utoke ndani kwenda nje. Kwenye vumbi zito, kubadilisha ni bora kuliko kupuliza.

3. Tafuta uvujaji

Hapa ndipo nguvu nyingi iliyopotea hupatikana, na kwa gharama ndogo kuliko hatua nyingine yoyote. Nunua kifuniko cha paipu ya maji kinacholingana na mdomo wa turbo, kitoboe, funga valvu ya tairi isiyo na tyubu. Kifunge kwa klipu mbili na ukikaze kwa kamba ili kisiruke. Ziba paipu ya pumzi ya injini (inayotoa mvuke wa ndani ya injini) pale inapoingia kwenye njia ya hewa, na ulegeze kifuniko cha kutilia oili ili presha isijae kwenye sampu, yaani trei ya oili. Weka regyuleta kwenye psi 10, usivuke 15. Jaza hewa, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo, gasketi ya manifoldi na valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye njia ya hewa). Hewa kidogo kupita kwenye valvu za injini ni kawaida. Povu kwenye mpira si kawaida.

Usisahau mpira mwembamba unaopanda juu ya pampu ya dizeli. Huo hupeleka busti kwenye dayaframu ambayo huruhusu dizeli zaidi turbo inapopuliza. Ukipasuka, geji itaonyesha busti nzuri na gari litabaki zito. Watu wamenunua turbo nzima kwa sababu ya kipande hicho cha mpira. Kipulize kwa mdomo: presha ikishuka, dayaframu yenyewe imechanika.

4. Ijue sababu iliyoua turbo ya zamani

Shika ncha ya shafti. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida kwa sababu beringi huelea juu ya oili. Kwenda mbele na nyuma hakutakiwi kuhisika kwa vidole. Feni ikiwa imegusa nyumba, turbo imekwisha. Utando mwembamba wa oili kwenye paipu ya hewa hutoka kwenye pumzi ya injini na si ushahidi wa turbo mbovu. Pumzi ikiwa nyingi kama moshi wa jiko, pistoni zimechoka, na turbo mpya haitazitibu.

Turbo nyingi hufa kwa kukosa oili: paipu ya kuileta imejaa masizi yaliyoganda. Usiisafishe, weka mpya.

5. Kufunga turbo

Mwaga oili, weka filta mpya na oili ya 15W-40 ya dizeli. Tumia wosha mpya za shaba kwenye bolti za paipu ya oili. Usipake silikoni ya tyubu kwenye gasketi yoyote ya oili; ikikatika huziba tundu la beringi. Paipu ya kurudisha oili ishuke moja kwa moja bila kujikunja, maana oili hurudi kwa uzito wake tu. Ikizuilika, itapita kwenye sili, utaona moshi wa bluu, na utailaumu turbo bure.

Mimina oili safi kwenye tundu la juu, zungusha feni kwa mkono, ndipo ufunge paipu. Toa waya wa soleno (valvu ya umeme) ya kuzimia dizeli, piga stata kwa sekunde 10 hadi 15, pumzika, rudia mpaka taa ya oili izimike. Rudisha waya, washa, acha injini isinzie dakika tatu bila kukanyaga.

6. Intakula na ekzosti

Intakula, yaani radieta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, ndiyo nyongeza ninayoiamini kuliko zote, kwa kuwa hupunguza joto badala ya kuliongeza. Paipu za milimita 51 hadi 57 zinatosha. Zikiwa pana kupita kiasi turbo huchelewa kujaza. Kila mwisho wa paipu uwe na ukingo, hata wa kuchomelewa, la sivyo mpira utachomoka mlimani. Tumia mipira ya silikoni na klipu za bolti.

Intakula ikikaa mbele ya radieta ya maji, safisha radieta kwanza na uhakikishe feni yake inavuta. Vichwa vya 2L-T na 1KZ-TE hupasuka kwa joto, na intakula inayozuia upepo huharakisha jambo hilo.

Ekzosti ya milimita 63 kutoka kwenye turbo hadi nyuma, yenye kona chache, hushusha joto la moshi. Weka kipande kinachonyumbulika, vinginevyo mtikisiko utapasua manifoldi.

7. Busti na dizeli, mwisho kabisa

Rudia mlima ule ule. Mara nyingi hapa gari limeshabadilika na hakuna haja ya kuendelea. Ukiendelea, fupisha fimbo ya westigeti kwa mzunguko mmoja, pima, rudia. Nyongeza isizidi bar 0.2 juu ya namba uliyoandika mwanzo, na ipimwe juu mlimani, si Kisumu.

Skrubu ya dizeli iliyo nyuma ya pampu izungushwe kwa thumuni ya mzunguko kila mara, na jumla isipite nusu. Weka alama kabla ya kuigusa. Ukungu mwepesi wa moshi unapobadili gia unakubalika. Moshi mweusi mfululizo maana yake dizeli imezidi hewa, na joto linapanda. Likifika nyuzi 700 za Selsiasi na kubaki hapo, punguza mguu, kisha urudishe skrubu.

Baada ya kilomita 500 kaza upya klipu zote na nati za manifoldi injini ikiwa baridi, na ubadilishe oili. Kila unapomaliza kupanda na mzigo, acha injini isinzie dakika mbili kabla ya kuzima, ili oili isiungulie ndani ya turbo.