Kwenda kazini kwa baiskeli hapa Tanga

Mji wetu ni tambarare, kwa hiyo kisingizio cha milima hatuna. Mimi hutoka Ngamiani hadi bandarini kila asubuhi. Jirani zangu wawili sikuwahubiria. Niliwaambia tu Jumapili tupite njia yangu polepole, magari yakiwa machache. Mtu akishaizoea njia, woga hupungua.

Kabla ya kutoka, bonyeza tairi kwa kidole gumba, jaribu breki zote mbili, tazama cheni. Suruali ikunje mguu wa kulia. Yangu moja ililiwa na cheni mbele ya watu!

Barabarani kaa kushoto, ila usijibanze kwenye mchanga wa ukingoni. Ukipita magari yaliyoegeshwa, acha nafasi ya mlango kufunguka. Daladala likisimama kituoni usilipite kwa kushoto, abiria wanashukia huko. Ukitaka kukata kulia, geuza shingo kwanza, nyoosha mkono, ndipo uingie. Lori likikata kushoto, wewe subiri nyuma yake. Ubavuni dereva hakuoni.

Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kofia ngumu? Kijiweni wataicheka. Vaa hivyohivyo.