Ghala la nyumbani: seva ya bakapu kwa Raspberry Pi, hatua kwa hatua, na maswali yenu

Somo hili niliwaahidi tangu masika. Sababu ya kuchelewa nitaieleza kwenye hatua ya nne, maana nilikuwa karibu kuliandika huku seva yangu mwenyewe haihifadhi chochote.

Hapa dukani kwangu Ngamiani, Tanga, barabara ya 9, napiga picha za harusi, naskani vyeti na kuchapa kadi. Haupiti mwezi bila mtu kuingia na hadi diski ndani ya mfuko wa nailoni, anauliza kama picha za nikahi ya dada yake zitapatikana. Mara nyingi hazipatikani. Ndipo nikatafuta kitu kidogo cha kukaa nyumbani au dukani, kula umeme kidogo na kutunza kazi zangu kila usiku bila mimi kukumbuka.

Nitasema bakapu kwa sababu ndivyo tunavyosema. Wapo wanaoita chelezo, na mimi neno hilo nalipenda, ila ukilitamka mbele ya wazee wa bandarini watadhani unazungumzia boya.

Vifaa

Raspberry Pi ni kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Pi 4 yenye RAM ya GB 2 inatosha kabisa, kazi hii haihitaji zaidi. Memori kadi ya GB 32 kwa ajili ya mfumo. Hadi diski ya nje, mimi nina ya TB 1. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, kwa sababu waifai itakuchosha siku ya kwanza unapomimina mzigo wote.

Kwenye chaja usifanye ubahili. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu yenye nembo kubwa na shaba kidogo itaiwasha vizuri, kisha diski ikianza kuzunguka volti zinashuka na mambo yanaharibika kimyakimya. Ukishaingia kwenye Pi, andika:

vcgencmd get_throttled

Jibu likiwa 0x0, uko salama. Likiwa 0x50000, umeme ulipungua wakati fulani tangu ulipowasha: badilisha chaja au waya. Taa nyekundu kwenye ubao ikizimazima wakati diski inafanya kazi, ugonjwa ni huohuo.

Kuhusu LUKU msiogope. Pi na diski yake ndogo pamoja ni kama wati 6. Zidisha kwa saa 24 na siku 30, unapata uniti nne na kitu kwa mwezi.

Hatua ya 1: mfumo

Kwenye kompyuta yako weka programu ya Raspberry Pi Imager. Chagua Raspberry Pi OS Lite ya biti 64, ile isiyo na madirisha. Kabla ya kuandika kadi itakuuliza mipangilio: jina la mashine (yangu naiita ghala), jina la mtumiaji (duka), nywila, majira ya Africa/Dar_es_Salaam, na uwashe SSH (njia ya kuingia kwenye Pi kutoka kompyuta nyingine). Ukisahau SSH utarudi mwanzo.

Hatua ya 2: kuingia

Chomeka kadi, waya wa ruta, kisha umeme. Subiri dakika mbili tatu. Kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ya kompyuta yako:

ssh duka@ghala.local
sudo apt update && sudo apt full-upgrade
sudo apt install rsync samba

Rsync ndiyo itakayonakili mafaili, samba ndiyo itakayoyapokea kutoka Windows. Fanya hivi ukiwa na bando la kutosha.

Hatua ya 3: diski

Chomeka diski kwenye kitobo cha buluu, kisha:

lsblk

Memori kadi inaitwa mmcblk0, diski ya nje kwa kawaida ni sda. Tazama ukubwa wake mara mbili, maana amri inayofuata inafuta kila kitu:

sudo mkfs.ext4 -L ghala /dev/sda1
sudo mkdir /mnt/ghala

Fungua faili la /etc/fstab kwa sudo nano, uongeze mstari huu chini:

LABEL=ghala /mnt/ghala ext4 defaults,nofail,noatime 0 2

Halafu:

sudo mount -a
df -h /mnt/ghala
sudo mkdir /mnt/ghala/mapokezi /mnt/ghala/nakala
sudo chown duka /mnt/ghala/mapokezi
sudo chmod 700 /mnt/ghala/nakala

Mapokezi ni ukumbini, kompyuta za dukani zinaruhusiwa kuingia na kuacha mizigo. Nakala ni chumba cha ndani, haingii mtu isipokuwa Pi yenyewe. Msiunganishe vyumba hivi viwili. Kirusi kikiingia kwenye kompyuta na kufunga mafaili yote, kitafunga na ya mapokezi kwa sababu kinayaona. Ya nakala hakiyaoni.

Sasa fungua mlango wa mapokezi. Mwishoni mwa /etc/samba/smb.conf weka:

[mapokezi]
path = /mnt/ghala/mapokezi
read only = no
valid users = duka

Kisha sudo smbpasswd -a duka, na sudo systemctl restart smbd. Kwenye Windows, mimi nikifunga duka jioni naendesha amri hii (D:\Kazi ndiyo folda yangu, wewe weka yako):

robocopy D:\Kazi \\ghala\mapokezi\Kazi /E

Mkiona watu wanatumia /MIR badala ya /E, mjue hiyo inafuta upande wa pili chochote ulichofuta kwako. Mimi siitaki.

Hatua ya 4: skripti ya usiku

Skripti (faili la amri zinazojiendesha) yangu ya kwanza ilikuwa ikivuta mafaili moja kwa moja kutoka kompyuta ya dukani, na kama folda ya kupokelea haipo, inaitengeneza. Nilijiona mjanja. Ijumaa moja umeme ukakatika, ukarudi usiku wa manane. Pi ikawaka, diski haikuwaka. Ile nofail kwenye fstab maana yake ni kwamba diski ikikosekana, mashine iendelee tu. Ikaendelea. Skripti ikakuta /mnt/ghala ni folda tupu juu ya memori kadi, ikatengeneza vyumba vyake humo na kuanza kujaza. Wiki tatu.

Nilijua siku mama mmoja wa Makorora alipotaka picha tatu za mwanawe zichapwe upya. Kwenye kompyuta nilishazifuta kupata nafasi, si zipo ghalani? Nikaingia, hakuna. Nikaandika lsblk, sda haipo kabisa. Nikaufuata waya kwa kidole hadi nyuma ya ruta: ncha ya yuesibi imeota ukoko wa kijani na mweupe kama chumvi ya jikoni, na pembeni yake yai la mjusi kafiri, limekaa kwa raha zake kwenye joto. Nilipona kwa uvivu tu. Kadi ya kamera nilikuwa sijaifuta.

Kwa hiyo mstari wa pili wa skripti hii msiuondoe. Faili ni /usr/local/bin/bakapu.sh:

#!/bin/bash
mountpoint -q /mnt/ghala || exit 1
LEO=$(date +%F)
N=/mnt/ghala/nakala
rsync -a --delete --link-dest=$N/mwisho /mnt/ghala/mapokezi/ $N/$LEO/ && ln -sfn $N/$LEO $N/mwisho

Mstari wa pili unauliza: diski imepachikwa kweli? Kama hapana, toka, usiguse kitu. Usiku wa kwanza rsync italalamika kwamba "mwisho" haipo. Iache.

Ipe ruhusa kwa sudo chmod +x /usr/local/bin/bakapu.sh, halafu fungua ratiba ya mashine (cron) kwa sudo crontab -e, uongeze mstari huu wa kuiendesha kila saa nane usiku:

0 2 * * * /usr/local/bin/bakapu.sh

Hatua ya 5: kurudisha

Asubuhi yake chagua faili moja ndani ya folda ya usiku huo kwenye nakala, linakili kwa sudo hadi mapokezi, lifungue kwenye kompyuta. Picha ifunguke, video icheze. Mimi hufanya hivi kila Jumamosi, kwa faili ambalo sikulichagua kabla.

Maswali ya wanakikundi

*Dada wa Mwanzange: Kaka, niliandika 8 kwenye cron nikitaka saa nane usiku. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi na mashine ndiyo kwanza inaanza kukoroma.*

Pole dada, si wewe peke yako. Cron haijui saa zetu. Inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa nane usiku ni 2, na saa mbili asubuhi ndiyo 8. Badilisha namba tu.

*Pangani: Folda mpya kila siku, diski si itajaa ndani ya wiki mbili?*

Hapana. Faili ambalo halijabadilika halinakiliwi tena, folda ya leo inapewa jina jingine tu la faili lilelile la jana. Ndiyo kazi ya --link-dest. Video ya GB 4 itaonekana kwenye folda 30 lakini diskini imekaa mara moja. Zingatia tu kwamba mapokezi na nakala kila moja ina ya kwake, kwa hiyo mzigo wa GB 300 unakula 600 na ziada ya mabadiliko. Folda kongwe unaweza kuifuta bila kuumiza nyingine.

*Chumbageni: Mkuu, nina laptopu ya zamani, kioo kimepasuka. Lazima ninunue Pi?*

Si lazima. Weka Debian (mfumo ndugu wa ule wa Pi), kisha rsync na samba kama hatua ya pili. Hatua ya tatu hadi ya tano ni zilezile, ila kagua lsblk vizuri maana sda inaweza kuwa diski ya laptopu yenyewe. Betri yake ikiwa bado inashika hata nusu saa, tayari una betri ya akiba, ambayo mimi niliinunua kando. Kompyuta ya mezani ya zamani ndiyo sikushauri, inaweza kula mara kumi ya Pi.

*Muheza: Shikamoo fundi. Kwa nini tusitumie hifadhi ya Google tu?*

Marahaba mwanangu. Bure wanakupa GB 15. Vyeti, hati ya kiwanja na vitabu vya hesabu vipeleke huko, ni vidogo. Harusi moja kwangu ni GB 60, na kuipandisha kwa bando la simu ni kujitafutia deni. Kwenye waya wa ndani, hata ruta ya megabiti 100 kwa sekunde inapitisha GB 200 kwa kama saa tano bila kugusa bando.

*Muheza tena: Moto ukiunguza duka?*

Hapo Pi haisaidii. Nina diski ya pili, imefungwa kwa LUKS ili ikiokotwa isisomeke, na inakaa huko kwenu Muheza kwa mama mkubwa, kabatini na kanga zake. Kila mwezi nikienda kumsalimia naichukua, wiki inayofuata nampelekea ikiwa na mambo mapya. Kati ya hizo siku chache nakuwa wazi, najua.

*Raskazone: Niko mita chache na bahari. Nifunge kila kitu kwenye boksi la plastiki?*

Ukifunga kabisa utaipika. Pi 4 ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguzia kasi. Pima kwa vcgencmd measure_temp. Boksi lenye matundu, liwe juu ukutani na si sakafuni, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Kila mwezi chomoa na kuchomeka ncha zote (zima kwanza kwa sudo poweroff). Na muangalie mijusi.

*Ngamiani: Umeme ukikatika katikati ya kazi?*

Mafaili yaliyokwisha kuandikwa kwa kawaida yatakuwepo, ext4 ina kumbukumbu yake ya kujirekebisha, na rsync usiku unaofuata itaokota iliyobaki. Shida iliyojificha ni saa. Pi 4 haina betri ya saa, ikiwaka bila intaneti inadhani muda ni ule ilipozimika, na folda inapewa tarehe ya uongo. Kifaa kidogo cha saa, DS3231, kinamaliza hilo, na Pi 5 ina saa yake, unaongeza betri tu. Lakini Pi 5 inataka chaja ya ampea 5. Ukiipa ya 3, inabana umeme wa yuesibi hadi milliampea 600, na diski nyingi za kuzunguka zitagoma.

*Makorora: Naweza kuifikia nikiwa Dar?*

Kwa Tailscale au WireGuard, programu za kutengeneza njia ya siri ndani ya intaneti, ndiyo. Usifungue mlango wa Samba kwenye ruta uelekee nje, hata kwa siku moja. Na kwa laini za simu hata ukifungua mara nyingi haisaidii, anwani moja mnachangia watu wengi. Anza na Tailscale, ni nyepesi kwa mgeni.

*Chumbageni: Diski yangu inalia tik, tik, tik, kisha inanyamaza.*

Kwanza get_throttled, pengine ina njaa ya umeme tu. Kama ni 0x0, weka smartmontools na uandike sudo smartctl -a -d sat /dev/sda, utazame Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector (hesabu za sehemu mbovu au zenye mashaka kwenye diski). Namba ya mwisho kwenye mistari hiyo ikiwa si sifuri na kesho imepanda, anza kunakili sasa hivi, ya harusi kwanza. Nina diski tupu dukani, pita uiazime hadi Jumatatu.