Namna ya Kuandaa na Kutekeleza Sera ya Dawa za Kulevya Kazini Bila Kukiuka Sheria ya Ajira

Katika miaka yangu ya kushughulikia mashauri ya nidhamu upande wa mwajiri, kesi za dawa za kulevya tulizoshindwa hazikuanguka kwa sababu mfanyakazi alikuwa safi, bali kwa sababu tulikimbilia majibu ya maabara tukaruka utaratibu. Hatua zifuatazo zinalenga kuziba mwanya huo. Kwa kuwa sheria za upimaji, na hasa zile zinazohusu bangi, hutofautiana baina ya nchi na nchi, kila hatua isomwe sambamba na sheria ya ajira na ya ulinzi wa taarifa binafsi inayokuhusu.

Hatua ya 1: Anza na kazi, si dawa

Orodhesha nafasi ambazo mtu aliyelewa anaweza kusababisha kifo au majeraha: dereva, mwendesha winchi, muuguzi anayegawa dawa, mlinzi mwenye silaha. Upimaji wa kushtukiza kwa nafasi hizo unaweza kutetewa. Kumpima kila mtu, hadi karani wa masjala, kwa kigezo kimoja ni vigumu kutetea.

Hatua ya 2: Andika makosa yanayothibitika

Kifungu kisemacho "ni marufuku kutumia dawa za kulevya" hakitoshi, kwa sababu hakisemi lolote kuhusu dawa ya kikohozi yenye kodeini (dawa ya jamii ya afyuni) iliyoandikwa na daktari. Tenganisha kumiliki au kuuza dawa kazini, kufanya kazi ukiwa umelewa, na kukutwa na kiwango kinachozidi ukomo uliotajwa katika sera. Pombe nayo iwemo. Shirikisha chama cha wafanyakazi, kisha kila mfanyakazi aelezwe sera kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia saini.

Hatua ya 3: Wafundishe wasimamizi kuandika walichokiona

Taarifa isemayo "alionekana amevuta" haina uzito. Inayosimama ni hii: "Saa 1:40 asubuhi alikosa ngazi mara mbili, alirudia swali lilelile mara tatu, hakuwa na harufu ya pombe." Iandikwe siku hiyohiyo na watu wawili walioshuhudia. Mwondoe kwanza kwenye mashine, kisha aonwe na mhudumu wa afya, maana mtu aliyeishiwa sukari mwilini hupepesuka na kubabaika vilevile kama mlevi.

Hatua ya 4: Linda sampuli kuliko unavyolinda fedha

Pata ridhaa ya maandishi. Sampuli ya mkojo igawanywe katika chupa mbili mbele ya mfanyakazi, zifungwe kwa lakiri, naye aweke saini juu ya lakiri hizo. Chupa ya pili ndiyo itakayopimwa akipinga majibu. Kila mkono unaopokea chupa uandike jina, tarehe na saa. Niliwahi kuingia kikaoni na fomu iliyoonyesha kwamba sampuli ilichukuliwa saa 4 asubuhi na kupokelewa maabara kesho yake mchana, na hakuna aliyeweza kueleza ililala wapi. Tuliondoa tuhuma siku hiyo.

Kipimo cha haraka ni cha kuchuja tu. Usichukue hatua ya nidhamu kabla ya kipimo cha uthibitisho, ambacho kwa kawaida hutumia kromatografia pamoja na spektrometria (mbinu za maabara za kutenganisha kemikali na kuitambua kila moja), na kabla daktari hajamuuliza mfanyakazi dawa anazotumia. Ukomo nao una uzito wake: mwaka 1998 Marekani ilipandisha ukomo wa afyuni katika upimaji wa watumishi wa serikali kuu kutoka nanogramu 300 hadi 2,000 kwa mililita, kwa kuwa hata waliokula mbegu za mpopi (mmea unaotoa afyuni) au kutumia dawa halali za hospitali walikuwa wakikutwa na majibu chanya. Mabaki ya bangi nayo huweza kuonekana kwenye mkojo wa mtumiaji wa mara kwa mara kwa wiki kadhaa. Majibu chanya, basi, yanathibitisha kwamba dawa iliingia mwilini. Hayathibitishi kwamba mtu alikuwa amelewa saa ile, na hapo ndipo taarifa ya Hatua ya 3 inapohitajika.

Hatua ya 5: Msikilize kabla ya kuamua

Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 unadai sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na unataka apewe nafasi ya kujitetea kwanza. Mpe barua ya tuhuma pamoja na nakala ya majibu, muda wa kujiandaa na haki ya kuwa na mwakilishi. Aliyempeleka kupimwa asiwe mwenyekiti wa kikao.

Hatua ya 6: Tenganisha ugonjwa na utovu wa nidhamu

Kanuni za utendaji za shirika hilohilo za mwaka 1996 zinataka matatizo ya pombe na dawa yachukuliwe kama matatizo mengine ya afya, ingawa hazimnyimi mwajiri mamlaka ya nidhamu. Anayejitokeza mwenyewe kabla ya kukamatwa apewe rufaa ya matibabu na makubaliano ya maandishi ya kurejea kazini, yakitaja muda wa uangalizi, ratiba ya vipimo na matokeo ya kuvunja masharti. Majibu yake yahifadhiwe kwenye jalada la afya lenye kufuli, si jalada la kawaida la utumishi. Msimamizi wake aambiwe tu kama anafaa kurudi kwenye kazi yake au la.