Somo: Kumjua mwenye habari kabla ya kuiamini habari

Kila mwaka, siku za kutangazwa matokeo ya Kidato cha Nne zinapokaribia, makundi ya WhatsApp hujaa viungo vinavyodai kwamba matokeo yameshatoka, na mzazi mwenye wasiwasi hubofya kimoja baada ya kingine akiishia kwenye matangazo ya biashara na kurasa zinazomtaka aandike namba yake ya simu. Waandaaji wa kurasa hizo hulipwa kadiri watu wanavyozifungua, kwa hiyo hawana haja ya kuwa na matokeo, bali wanahitaji kichwa cha habari kitakachomfanya mzazi abofye. Habari za vifo vya viongozi, ajira mpya na tiba za maajabu huendeshwa kwa biashara hiyohiyo.

Hatua ya kwanza ni kusoma anwani. Tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania ni necta.go.tz, na tovuti za taasisi za serikali huishia na .go.tz kwa Tanzania na .go.ke kwa Kenya, anwani ambazo mtu binafsi hawezi kujinunulia kama anavyonunua ya .com. Ukiacha mikwaju miwili ya mwanzoni (//), tafuta mkwaju wa kwanza (/) unaofuata, kisha soma kurudi nyuma kutoka hapo, kwa sababu maneno yaliyo karibu kabisa na mkwaju huo ndiyo yanayomtaja mwenye tovuti. Anwani inayoanza na necta.go.tz, halafu ikaongezewa nukta, maneno mengine na .com, si ya Baraza, hata kama nembo ya Baraza imepamba ukurasa mzima. Vivyo hivyo, palipowekwa vistari badala ya nukta pana mtu mwingine.

Hatua ya pili ni kumtafuta aliyesema kwanza. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa zenye tarehe, maeneo yaliyotarajiwa kuathirika na mwenendo wa kimbunga chenyewe. Weka taarifa ya namna hiyo kando ya ujumbe wa sauti usiotaja msemaji, usemao tu “tahadharini, usiku wa leo hali ni mbaya”. Ujumbe huo ukisambazwa tena baada ya miezi sita bado utasikika kama wa leo, na hiyo ni sababu tosha ya kutoutegemea. Habari iliyoandikwa vizuri humtaja aliyesema, mahali na siku, na inapotumia neno “inadaiwa” hueleza ni nani anayedai.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kulinganisha vyombo visivyonakiliana. Blogu kumi zilizochapisha aya zilezile neno kwa neno zihesabu kuwa chanzo kimoja. Jua pia nani anamiliki nini. HabariLeo ni gazeti la serikali, Mwananchi na Taifa Leo yako chini ya Nation Media Group, na BBC, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, ni shirika la umma la Uingereza. Kwa maoni yangu, gazeti la serikali linafaa sana unapotaka kujua serikali imetamka nini, ila ukitaka kujua waliopinga wamesema nini, ongeza chombo kingine.

Kwa picha, tumia Google Lens au TinEye uone ilionekana wapi kabla. Aidha, Africa Check na PesaCheck huchunguza madai yanayosambaa, na PesaCheck huchapisha pia kwa Kiswahili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, baba yangu mdogo hutuma kila anachopokea kwenye kundi la ukoo. Nimrekebisheje bila kumvunjia heshima?

Jibu: Usimjibu mbele ya ukoo. Mwandikie pembeni: “Shikamoo baba. Ule ujumbe wa kimbunga nimeufuatilia, nimekuta taarifa ya Mamlaka hii hapa inasema tofauti.” Mtumie taarifa yenyewe ili aiweke kwenye kundi kwa mkono wake. Mzee aliyepewa nafasi ya kujirekebisha mwenyewe mara nyingi huanza kukuuliza kabla ya kutuma.

Swali: Je, televisheni ya mtandaoni yenye leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ni ya kuaminika?

Jibu: Leseni inakuonyesha nani atawajibika, lakini haithibitishi habari yoyote. Itazame video hadi mwisho ulinganishe na kichwa chake, na ukiona mara kwa mara kichwa kinaahidi jambo ambalo halimo ndani, acha kuifuatilia.

Swali: Mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp ina maana ni uongo?

Jibu: Hapana. Ina maana umepita kwa watu watano au zaidi tangu ulipotoka kwa aliyeuandika, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo huweza kupelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Anayekutumia huenda hamjui kabisa mwandishi wake, hivyo rudi kwenye hatua ya pili.

Swali: Bando langu ni la WhatsApp pekee, tovuti hazifunguki. Nifanyeje?

Jibu: Subiri taarifa ya habari ya redio, kwani jambo zito la kitaifa halitakosekana humo kwa muda mrefu. Likiwa la dharura, mwombe ndugu mwenye intaneti aifungue tovuti ya taasisi husika na kukutumia picha ya ukurasa mzima, anwani ya juu na tarehe vikionekana. Kabla hujajibiwa, usiupeleke ujumbe huo kwa mtu mwingine.