Kumlisha papa usingizi tangini mpaka kidonge kifike tumboni

Juzi kijana mmoja wa Likoni, aliyepata kazi kwenye akwaria huku Ghuba, alinipigia simu ya video anionyeshe papa wake. "Kaka, ametoka nundu chini ya taya, nadhani amejigonga mwambani." Hakujigonga popote. Lilikuwa rovu, ule uvimbe wa tezi ya koo unaotokana na kukosa madini joto (ayodini). Tulizungumza mpaka saa sita usiku, na haya ndiyo niliyomwambia.

Ninayemzungumzia ni papa usingizi wa Bahari ya Hindi, Nebrius ferrugineus, yule wa kahawia anayefika mita 3. Ukiwa na wa Atlantiki, Ginglymostoma cirratum, fuata hatua hizi hizi.

1. Pima maji. Joto, chumvi, amonia, nitrati. Hilo unalijua. Ila dawa ya shaba isiguse tangi lenye papa hata siku moja. Samaki wakiwa na vijidudu, wahamishe wao ukawatibu kwingine.

2. Mpime uzito. Kwa machela na mizani, si kwa macho. Huyu hulala mchana kutwa pangoni, tena hupumua akiwa ametulia chini, hana haja ya kuogelea kama papa wengine. Kwa hiyo hunenepa upesi. Mkubwa mimi humpa chakula cha asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa wiki nzima, nakigawa mara tatu. Wageni wakisema "maskini, ana njaa," wacha waseme.

3. Mzoeze kibao. Kibao cha mistari myeupe na myeusi, kishushwe mahali pale pale, saa ile ile, naye apate chakula akikigusa kwa pua. Rangi za kupendeza hazisaidii, maana papa wengi hawazitofautishi kama sisi. Kibano kiwe cha mwanzi au plastiki. Cha chuma sikitaki karibu yangu: chuma ndani ya maji ya chumvi hutoa umeme kidogo, na pua ya papa huuhisi. Nimeona papa akikikaribia chakula, akageuka ghafla kama aliyeitwa. Mkono mtupu ndio kabisa usithubutu. Meno yake ni madogo, lakini akikukamata haachii.

4. Kidonge. Hapa ndipo nilipopoteza miezi miwili.

Samaki wa friza hupoteza vitamini, hasa B1, kwa hiyo papa wa tangini hupewa kidonge chenye vitamini na madini joto, yale yale tunayowekewa kwenye chumvi ya mezani. Mimi nilikuwa nakichomeka kwenye mnofu wa jodari, papa anachukua, naandika daftarini "amekula". Siku moja nikabaki baada ya taa kuzimwa, nikamtazama kwa tochi nyekundu. Papa huyu hatafuni kwanza. Huvuta kama pampu, unasikia kabisa "pwak!" Kisha hukitema chakula, akakivuta tena, akakitema, mpaka kilainike. Kwenye mvuto wa tatu vumbi la kijani likamtoka matamvuani kama moshi wa kibatari. Hicho ndicho kilikuwa kidonge changu.

Basi achana na minofu. Chukua ngisi mzima, mdogo kiasi cha kumezwa kwa mvuto mmoja. Ng'oa kichwa, sukuma kidonge mpaka ncha ya mfuko, kisha rudisha kichwa kiwe kizibo. Huna ngisi? Kibua kidogo kinafaa. Pitisha kidonge kwenye tamvua mpaka tumboni, bila kumpasua. Mengine ya kuangalia:

- Kidonge ukiingize dakika hiyo hiyo ya kulisha. Ukikiandaa asubuhi, mpaka jioni kimekuwa uji.
- Kiwe tonge la kwanza, njaa ikiwa bado kali. Akishashiba ataanza kuchezea chakula.
- Ngisi akiwa mkubwa, papa atamtikisa na kizibo kitatoka.
- Akishavuta, usiondoke. Hesabu dakika tano ukitazama matamvua. Ukiona vumbi, andika "hakumeza", hata kama bosi hapendi.
- Wenzake tangini wavutwe upande wa pili kwa chakula chao, la sivyo kidonge atakila chewa.

5. Kagua kidevu. Kila anapokuja kwenye kibao, tazama katikati ya koo, chini ya taya. Tezi iko hapo. Uvimbe laini unaoongezeka polepole, mwite daktari wa wanyama mapema, yeye ndiye wa kupanga kiasi cha madini joto. Wewe mpelekee vipimo viwili: nitrati, kwa kuwa ikipanda humzuia papa kuyachukua madini hayo majini, na kiwango cha ozoni, ile gesi ya kusafishia maji ya tangi, kwa kuwa huyabadili umbo yasimfae. Kijana wa Likoni alikuwa na vyote viwili juu, na vidonge anavipasua nusu nusu ndani ya mnofu wa jodari.